Namna ya Kuwa Bingwa wa Mifupa na Banjo, New York, 1843

Anza na ng'ombe aliyekwisha kuliwa. Chukua mbavu zake, zichemshe mpaka nyama na mafuta viachane na mfupa, zianike zikauke, kisha kata vipande vinne vya sentimita 15 hadi 18 na usugue ncha kwa tupa zisikuchune vidole. Wenye fedha huchongewa vya mti mgumu. Wewe baki na mbavu. Angalau mbwa wa mtaani watakuwa mashabiki wako wa kwanza.

Kila mkono hushika vipande viwili, upande uliobinuka wa kimoja ukitazamana na wa mwenzake. Kimoja kibane kati ya kidole cha shahada na cha kati, mkia wake ukiegemea shina la dole gumba. Hicho hakina ruhusa ya kutikisika. Cha pili kilegeze kati ya kidole cha kati na cha pete. Sasa tikisa kifundo cha mkono kama anayekung'uta maji. Vidole viache vitulie! Kila anayeanza hutikisa vidole, na kila mara kipande kilicholegea humtoroka kikaishia kwenye mchuzi wa mtu. Siku mkono utakapokubali, utasikia mapigo matatu yakikimbizana, na majirani wataanza kuulizia nyumba mtaa mwingine.

Banjo nayo ina yake. Shingo ni laini, haina vipande vya chuma vya kukuonyesha pa kuminya, kwa hiyo sikio lako ndilo litakalokuumbua. Nyuzi ni za utumbo, na ngozi iliyowambwa ni ya ndama; mvua ikinyesha hulegea, sauti ikalala, nawe ukaisogeza karibu na moto huku ukiomba isipasuke. Huko Baltimore, William Boucher, fundi wa ngoma, atakuja kuzikaza ngozi hizo kwa skrubu za ngoma zake. Kupiga ni hivi: ukucha wa kidole cha shahada unashuka juu ya uzi mrefu, kisha dole gumba linagusa uzi mfupi, ule unaoanzia katikati ya shingo. Uzi huo hauminywi kamwe. Hurudia sauti yake ile ile usiku kucha, na utamu wote umejificha hapo. Ukumbuke, tutaurudia.

Sasa tuje kwenye ngozi. Si ya banjo, yako. Ikiwa wewe ni mtu mweusi, na ala hii umerithishwa na baba aliyerithishwa na babu, pole sana, kumbi zimekwisha kupata watu wao. Anayetakiwa ni mzungu aliyejipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, akajifanya mtumwa mwenye furaha. Februari 1843 wanaume wanne walipanda jukwaani Bowery Amphitheatre kwa mtindo huo: Frank Brower na mifupa, Billy Whitlock na banjo, Dan Emmett na fidla, Dick Pelham na tari. Wakajiita Virginia Minstrels. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa Virginia, lakini wasikilizaji wa New York nao hawakuwa wamelima tumbaku huko, kwa hiyo hesabu zikalingana. Wewe wa mifupa kaa mwisho wa safu, mwenye tari akae mwisho wa pili, na mizaha yote ipitie kwenu. Mshahara hauongezeki kwa kupiga vizuri tu.

Umaarufu ukishakuja, tangaza kwamba ala umeibuni mwenyewe. Joel Sweeney, mzungu wa Appomattox aliyezaliwa 1810, alisifiwa kuwa ndiye aliyebuni ule uzi wa dole gumba, na sifa hiyo ikamkaa vizuri. Kitabu cha Thomas Jefferson kifiche, maana mzee huyo, mwenye watumwa wake mwenyewe, alikwisha kuandika kwamba banjo waliileta watu weusi kutoka Afrika. Na Wajola wa Senegambia usiwataje kabisa: wana akonting, kibuyu kilichowambwa ngozi, chenye uzi mfupi wa kuguswa kwa dole gumba.

Hatari kubwa ni yule mkorofi atakayekuja na mchoro wa rangi za maji kutoka South Carolina, wa kati ya 1785 na 1790, unaoonyesha mtu mweusi akipiga banjo ya kibuyu yenye nyuzi 4, mmoja mfupi, na Sweeney hajazaliwa bado. Usibishane naye. Mkonyeze mtu wa mifupa aongeze sauti.