Sifa za Mdundo

Utuaji laini una wasifiaji wa kutosha. Mdundo hauna wa kuutetea, nami leo najitolea: ule wa Cessna 172 ya mafunzo inayogonga lami ya Uwanja wa Wilson, Nairobi, kisha ikapaa tena kama iliyosahau mzigo angani.

Tuanze na nasaba. Babaye ni mwendo uliozidi, mamaye papara. Mwanafunzi ameambiwa aje kwa maili 65 za baharini kwa saa. Kwa woga wa kuanguka anakuja na 75. Ndege ikishuka chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake, mita 11 hivi, hewa huzidi kuibeba. Inaelea, inaelea, na lami inakwisha. Subira ikimwishia, anaisukuma chini kwa nguvu. Mtoto amezaliwa, tena mzima wa afya. Mjomba ni Steve Wittman, Mmarekani wa mashindano ya ndege, aliyebuni miguu ya chuma cha springi ambayo Cessna iliichukua miaka ya 1940. Chuma hicho si mchoyo: ulichokipa, kinakurudishia.

Mdundo ni mkarimu. Ada ya kutua hulipwa mara moja, nao unakupa kutua mara tatu. Hauna ubaguzi pia: mtoto wa tajiri na yule ambaye babaye aliuza shamba ili asome wanarushwa sawasawa.

Zaidi ya yote, ni mkweli. Utuaji laini hujipendekeza. Huenda upepo ndio uliokutulia ndege, wewe ukapokea pongezi. Mdundo husema makosa yako palepale, mkufunzi akiwa amekaa kando, kimya, ameshika magoti yake. Ulikuwa unatazama lami iliyo mbele ya pua badala ya mwisho wa barabara, ukachelewa kuinua pua. Au uliinua mapema, mwendo ukaisha ukiwa bado juu. Asiyefunzwa na mkufunzi hufunzwa na lami.

Wapo wanaousingizia kuvunja ndege. Wanauonea. Mdundo wa kwanza haukuvunja kitu. Aliyevunja ni mwanafunzi aliyeingiwa na hofu akausukuma usukani mbele. Gurudumu la pua likatangulia kugonga, ndege ikaruka juu zaidi, naye akasukuma tena, mpaka rafadha ikalamba lami. Bili ya fundi isiandikwe kwa jina la mdundo.

Basi ukikutembelea, upokee kwa adabu. Ukiwa mdogo, ishike pua ilipo, ongeza moto wa injini kidogo, iache ndege ishuke yenyewe. Ukiwa mkubwa, tia moto wote, paa, uzunguke ujaribu upya. Mdundo hauna kinyongo kwa kukimbiwa. Na ukija bado na 75, utaukuta umeshafika kukupokea.