Blanketi la Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa anatafuta blanketi. Ilikuwa Januari, hapa Louisville, Kentucky, na baridi ya huku haimhurumii mtu aliyezaliwa Uvira akazeekea kambini Nyarugusu. Akafungua kabati la chumbani kwetu, akavuta blanketi la juu, na bunduki yangu ikateleza ikamwangukia miguuni.

Nilirudi kutoka kazini jioni nikakuta king'ora cha moshi kinalia, sombe imeungua na sufuria nyeusi tii. Niliita, kimya. Mlango wa bafuni ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Shikamoo mama, ni mimi, Baba Neema."

Badala ya kuitikia akauliza niko na nani. Alipofungua nikawaona wanangu wawili wamelala kifudifudi ndani ya beseni la kuogea, wamebanana, hawathubutu hata kuinua kichwa.

Bunduki yenyewe ni ya risasi za .22 Long Rifle, ile risasi nyembamba iliyoanza 1887, ambayo fataki yake imo kwenye ukingo wa ganda, si katikati. Kichwa chake kina gramu 2.6 hivi. Niliinunua ya kulengea makopo siku za Jumamosi, maana risasi zake ni rahisi na haipigi bega. Lakini Wajerumani walioitengeneza wameiumba kama Kalashnikov, ile ambayo kwetu Kigoma tunaiita SMG: kitako cha mbao, magazini iliyopinda kama ndizi. Ya kweli imepinda kwa sababu risasi zake zimechongoka kwenda mbele, ukizipanga zinajikunja. Yangu ilipindwa ifanane.

Nikamwekea risasi moja kiganjani. "Tazama mama, ni ndogo hii."

Akaishika kwa vidole viwili kama anayechambua mchele. "Baba Neema, hii haiui?"

Nilinyamaza. Inaua.

"Halafu mimi sikuona risasi," akasema. "Niliona bunduki."

Mke wangu aliporudi hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini haikufungiwa, na Neema ana miaka sita? Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Udogo wa ile risasi ulinifanya niizoee bunduki kama kitu cha mchezo.

Jumamosi niliirudisha dukani nikabadilishana na Ruger 10/22, bunduki iliyopo tangu 1964. Risasi ni ileile, kasi ileile, na jeraha lake ni lilelile. Ila magazini yake ya risasi 10 imezama tumboni mwa mbao, huioni. Nikanunua na kabati la chuma.

Mama aliitazama kwa muda mrefu, akapapasa mbao. "Hii ni ya kuwindia ndege."

Nikaiweka ndani, nikafunga, nikageuka. Alikuwa ameshanyoosha mkono. Ufunguo anao yeye, kwenye pindo la kitenge chake, na nikitaka kwenda kulenga makopo, namwomba.