Dishi Halikurogwa

Dishi la jirani yangu hapa Makunduchi limeshasingiziwa kila kitu. Kwanza mawingu. Kisha mnazi, ukakatwa makuti bila ya kosa. Halafu husuda, kwa kuwa ati picha ilikatika siku ile ile ya fainali. Mtoto juu ya bati anapiga kelele, "Imekuja?" Sebuleni wanamjibu, "Ilikuja, ushaipitisha!"

Waya hakuna aliyeutazama. Juzi nikaomba nioneshwe kiungo: vipande viwili vimesokotwa kama ukili, vikafungwa mfuko wa plastiki, ule ule uliopigwa marufuku Zanzibar. Ndani, shaba imeota kutu ya kijani. Upepo wa chumvi wa huku haupigi hodi.

Waya huo, bwana, haushushi picha tu. Unapandisha na umeme, volti 13 au 18, kulilisha jicho la dishi. Kutu ikila njiani, chaneli zinazotaka 18 ndizo za mwanzo kuaga, na nyengine zinabaki zimekaa kitako. Jirani kaona hivyo, kasema hasidi anachagua chaneli.

Na hivi ndivyo visiwa vilivyokuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati huo Bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe!

Fundi uliyeusokota waya huo, unajijua. Njoo na kichwa kipya cha waya, cha kukaza kwa mkono, na mpira wa kuzuia maji. Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya kuchapana kwa mabua ya migomba, ni Julai, na mabua tunayo.