Maji Yaleyale ya Bombani

Juni ikiingia Shinyanga, vumbi linatimka, shule zinafungwa na pesa ya pamba inaanza kuonekana mikononi mwa watu. Asubuhi ni baridi ya kuvalia sweta. Saa nane mchana jua linachoma utosi. Hapo ndipo watu wanapoanza kuulizana waende wapi wakapumzike. Bahari iko mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi hadi Dar es Salaam. Ziwa Victoria je? Hilo liko hapo Mwanza tu, ukitoka asubuhi unakula chakula cha mchana ukilitazama. Kwa mtu wa Shinyanga, Mwanza ndiyo pwani.

Wiki ya mwisho ya Juni 2025, familia moja ya Shinyanga mjini ilikodi Noah kwenda kupunga upepo: baba, mama, watoto watatu na mama mkwe. Zilipakiwa kaptula za kuogelea, miwani ya jua na boya la plastiki lenye umbo la bata. Sweta ziliachwa kabatini kwa makusudi, maana ufukweni ni joto, na kila mwenye runinga anajua hivyo. Hakuna aliyekumbuka kwamba ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, wala kwamba Juni hadi Agosti ndio msimu wa pepo za kusini-mashariki.

Mtihani wa kwanza ulikuwa viti. Usukumani, heshima ya ukwe haitaki mkwe na mama mkwe wabanane bega kwa bega, na Noah haikutengenezwa kwa kuzingatia jambo hilo. Baba alikaa mbele na dereva, shingo ameielekeza dirishani. Mama mkwe akakaa nyuma kabisa. Mazungumzo yao yalipitia kwa binti wa miaka tisa aliyekaa katikati.

“Mwambie baba yako apandishe kioo, upepo unaniingia masikioni.”

“Baba, bibi anasema…”

“Nimesikia. Mwambie bibi kioo kimekwama.”

“Bibi, baba anasema…”

“Nimesikia.”

Walipofika Misungwi mkalimani alikuwa ameshaomba soda mbili, na amepewa.

Ziwa lilipojitokeza, watoto walipiga kelele. Mama mkwe alilitazama kwa utulivu, kisha akauliza, safari hii bila kupitia kwa mtu, “Haya si ndiyo yanayotoka bombani kwetu?”

Ndiyo hayo. Kwenye wilaya ile ile ya Misungwi waliyotoka kuipita kuna Ihelele, ambako maji ya ziwa yanavutwa, yanasafishwa na kusukumwa hadi Kahama na Shinyanga. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009, baada ya Misri kunung'unika sana. Wamisri walishikilia mkataba wa mwaka 1929 waliotiliana saini na Uingereza kuhusu maji ya Nile. Tanzania ilikuwa imeshaukana tangu enzi za Nyerere, mara tu baada ya uhuru. Kwa kifupi, bibi alikuwa amelipiwa nauli kwenda kuona kitu ambacho kila mwezi analetewa ankara yake nyumbani, na alihakikisha kila mtu garini ameielewa hesabu hiyo.

Gesti ya ufukweni waliikuta imejaa upepo. Baba mdogo, mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita, alikuwa amefika mapema kupitia Sengerema. Mama alimtazama mikononi kabla ya kumsalimia.

“Shemeji, samaki wangu wako wapi?”

Kwa miaka mingi, aliyevuka kutoka Geita alisubiri pantoni pale Busisi, na katika kusubiri alinunua samaki wa kukaanga. Lakini tarehe 19 Juni Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amefungua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, na shemeji alikuwa amepita kwa dakika chache tu bila kusimama.

“Shemeji, daraja halina foleni,” alijitetea. “Bila foleni samaki nitamnunulia wapi?”

Watoto walivaa kaptula wakashuka majini. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu, amevaa koti zito na kofia ya sufu, aliwauliza wanatafuta nini humo. Aliposikia wanataka kuogelea, alianza kuhesabu kwa vidole: kichocho, mamba, baridi. Hakufika kidole cha nne. Bata wa plastiki aliishia kuwa mto wa mama mkwe, ambaye alilala juu yake mchana kutwa na kusema hicho ndicho kitu pekee cha maana walichobeba.

Siku ya pili baba mdogo alichoka kupumzika. Alikuwa ameona michirizi ya mchanga mweusi ufukweni, na mchimbaji hapiti mchanga mweusi hivi hivi, kwani kwa uzito wake hutuama chini pamoja na dhahabu. Akaazima karai la jikoni, akachuchumaa, akaanza kuosha: anazungusha, anamwaga juujuu, anazungusha tena, jicho limenasa kwenye ukingo wa karai. Watoto walimzunguka. Wakaja vijana wawili, kisha watano. Kufikia saa sita bodaboda tatu zilikuwa zimeegeshwa, na mmoja wa madereva akauliza kwa sauti ya chini, “Mzee, hapa kuna rashi ya dhahabu?”

“Hakuna kitu,” alijibu baba mdogo, na alikuwa akisema kweli.

Hilo ndilo lililoharibu mambo. Mtu yeyote aliyewahi kukanyaga machimbo anajua kwamba aliyepata ndiye anayesema hakuna kitu. Vijana walitazamana. Mmoja akaondoka, akarudi na koleo. Mpishi alilifuata karai lake akalikosa, kwa kuwa lilikuwa limeshakodishwa kwa shilingi elfu mbili.

Usiku ulikuwa wa giza la mwezi mwandamo, msimu mzuri wa dagaa, na taa za wavuvi zilitapakaa ziwani hadi upeo wa macho. Familia ilitandika mkeka barazani ili ile sato huku ikizitazama. Kijana mkubwa akawasha balbu ya baraza ili aone miiba. Ndani ya dakika chache wadudu wadogo wa ziwani, ambao hupanda angani kama moshi nyakati kama hizo, walikuwa kwenye ugali, kwenye mchuzi na kwenye kinywa cha baba aliyekuwa amekifungua ili aseme “zima”.

Asubuhi ya kuondoka walipitia Mwaloni, Kirumba. Korongo mmoja alimpokonya mtoto kichwa cha samaki mkononi na wala hakuonyesha haya. Mama naye akanunua gunia zima la dagaa. Buti lilikuwa limejaa, hivyo gunia likapewa kiti, katikati ya mama mkwe na wengine wote, mahali ambapo hakuna mkwe ambaye angeweza kulalamika.

Dereva alinusa, akadai gunia lilipe nauli ya mtu mzima, kwa kuwa limekalia kiti cha mtu mzima.

“Sawa,” alisema mama mkwe. “Basi lifunge mkanda.”