Seva Inayoganda na Dawa ya Kinshasa
Seva inayoganda pale mtandao unapofurika mara nyingi haiugui uvivu bali adabu iliyopita kiasi: kila pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, inapobisha hodi, kadi ya mtandao hukikatiza kichakataji, nacho huacha kazi yake kuipokea, hata mwisho kikawa karani anayepokea barua mchana kutwa asifungue hata moja. Watafiti wa kompyuta Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan waliishughulikia hali hiyo mwaka 1996, wakashauri kwamba mzigo ukizidi, ukatizaji uzimwe na kichakataji kiende chenyewe kuchukua pakiti kwa zamu, njia ambayo mfano wake sasa umo ndani ya mfumo endeshi wa Linux. Fundi mwenye haraka, bila shaka, huzima na kuwasha, kisha huandika kwamba tatizo limekwisha. Serikali ya Kongo-Kinshasa ilikuwa na dawa kali zaidi: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa kwa takriban siku 20, na wingi wa pakiti haukumsumbua mtu, ingawa katika mji wa Isangi, pale mto Lomami unapoingia mto Kongo, raha hiyo pengine haikuhitaji amri.