Heko, Bwana Esac

Hapa Turkana fahali ana waimbaji wake, na mvua ina wake. Mimi leo namsifu asiye na mwimbaji: case, bawabu wa skripti za Bash, mwenye milango mingi na adabu chache.

Waandishi wa programu humcheka. Anarefuka kama foleni ya mitungi kisimani, kila mlango na bano lake la upande mmoja, kila mlango na nukta mkato zake mbili. Python ilijivuna bila ndugu yake kwa miaka 30, ikijikongoja na elif juu ya elif, hadi Oktoba 2021 toleo la 3.10 lilipoleta match. Hata wenye maringo humrudia.

Na jina lake la kufungia! Stephen Bourne, alipoandika sheli ya Unix (si ile ya petroli) iliyotoka 1979, aliazima kwa Algol 68 desturi ya kufunga neno kwa kuligeuza: if ikafungwa na fi, case na esac. Do ingefungwa na od, ila od ilikuwa tayari amri nyingine, ikabidi iwe done. Bourne angekuwa Mswahili, leo tungefungua kwa kama na kufunga kwa amak.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Orodha ya namba za wafugaji na wachuuzi, kuanzia Lodwar na Kakuma hadi Lokiriama, itengwe kwa nchi ili kila mmoja apate tangazo la chanjo ya mbuzi kwa lugha yake. 254 Kenya, 256 Uganda, 211 Sudan Kusini, 251 Ethiopia, 252 Somalia. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, ingeweza kumpa case milango ya kutosha maisha yake yote. Warundi wachache waliobaki na laini za kwao niliwaweka juu kabisa: 257*. Kidole kikaruka 7. Ikabaki 25*.

Case husoma kuanzia juu, na mlango wa kwanza unaolingana ndio huohuo. Hatazami ya chini. Mkenya, Mganda, Mwethiopia na Msomali wote wakapokea habari za chanjo kwa Kirundi. Wa Sudan Kusini tu ndio waliopona. Mzee mmoja wa Loima akanipigia: "Mwanangu, huu ugonjwa mpya wa mbuzi unaitwaje?" Nani atamlaumu bawabu? Alitii nilichoandika, herufi kwa herufi. Mtumishi wa namna hiyo utampata wapi?

Nikarekebisha. Zikabaki zinazoanza na 07. Ukiwa Lodwar mjini, 07 ni Mkenya, basi. Lokiriama iko mpakani, na Mganda naye huandika 07, tarakimu kumi vilevile. Jioni nzima nilizichambua, kisha nikampigia mchuuzi anayewajua wenye namba. Huyu ni wa wapi? "Wa huku na huku." Na huyu? "Hivyohivyo."

Hapo Lokiriama, mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walifukia silaha ardhini wakakubaliana kugawana malisho na maji, na hadi leo hukusanyika Septemba kuukumbuka mkataba huo. Lugha zao ni za ukoo mmoja. Wanasikilizana bila mkalimani. Mimi nilikuwa nimewajengea milango miwili na matangazo mawili. Nikafuta, nikaandika 254*|256*|07*, tangazo moja kwa wote. Kijistari hicho cha wima husomwa "au". Wazee walichimba shimo. Mimi nilibonyeza kitufe kimoja, na bado nikajiona mpatanishi.

Nisimsahau nyota, mlango wa mwisho, anayepokea kila aliyekataliwa kwingine. Usiku ule alinasa mstari mmoja tu. Mahali pa namba, aliyejaza orodha alikuwa ameandika: "hana simu, yuko na mbuzi." Nyota akaunakili kwenye faili lake kama ulivyo. Halafu esac.