Samaki wa Bukama na Somo la Dakika Tatu

Samaki wa wifi yangu walioza usiku wa kuamkia Jumatano, na aliyewaozesha ni mimi. Walikuwa wamefika kwa treni kutoka Bukama, mji ambapo reli inakutana na mto Lualaba na samaki wa mabwawa ya Upemba hupanda behewa kuja kwetu Kamina. Wifi yangu huwanunua wabichi, huwalaza siku mbili ndani ya firigo letu, kisha huwauza sokoni kidogo kidogo. Firigo hilo ni jasho la mume wangu. Batri na mapano mawili ya jua juu ya bati ni jasho lake pia, miaka mitatu ya kupiga randa chini ya mwembe wa lupango wetu, yaani ua wa nyumba. Mimi nilileta kompyuta, na usiku ule kompyuta ilikunywa umeme wote ili nipandishe mtandaoni somo langu la kwanza la video.

Ninafundisha historia katika chuo kimoja hapa mjini. Machi 2020, Rais Tshisekedi wa Congo alipotangaza kwamba shule na vyuo vyote vinafungwa kwa ajili ya korona, wanafunzi wetu walitawanyika: wengine Kaniama, wengine Kabongo, wengine Bukama na Malemba-Nkulu. Silabusi zao zilibaki ofisini zimefungwa kamba. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam huenda akadhani silabusi ni orodha ya mada. Kwetu Congo ni kijitabu kizima cha maelezo ya mwalimu, mwanafunzi hukinunua fotokopi, na mara nyingi ndicho kitabu pekee atakachokuwa nacho katika somo hilo. Kwa miezi mingi sikuweza kuwafikia vijana wale hata kwa ukurasa mmoja, na jambo hilo lilinikaa moyoni. Kwa hiyo chuo kilipotafuta walimu wa kujifunza kuandaa masomo ya mtandaoni, niliinua mkono kabla sijamwuliza mtu yeyote nyumbani.

Kosa la kwanza halikuwa na harufu. Nilichukua silabusi yangu ya kurasa 114, nikaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nikaifanya faili moja na kuituma. Nikalala nikiamini nimefundisha. Wiki nzima walionijibu walikuwa wawili. Mmoja wao, kijana wa upande wa Malemba-Nkulu, aliniambia anapanda juu ya kichuguu ili apate rezo, yaani mtandao. Anayeijua Katanga anajua vichuguu vyetu, vingine vinapita paa la nyumba. Alikuwa amesimama kule juu jioni tatu, simu mkononi, akingoja faili langu lishuke. Mega zake ziliisha likiwa nusu.

Nilipaswa kumsikiliza kijana yule. Badala yake nikaamua kwamba kilichokosekana ni sura yangu, kwamba wakiniona nikizungumza watajisikia wako oditwari, ukumbi wetu wa mihadhara. Hapo ndipo nyumba yote ilipoingizwa katika somo bila kuulizwa.

Nilitundika mablanketi chumbani ili kuzuia mwangwi. Nikageuza kinu juu chini, nikasimamisha simu juu yake kwa matofali mawili. Mume wangu alisimamisha randa, ingawa alikuwa na kitanda cha mteja cha kumaliza. Watoto walipelekwa kwa jirani. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kambo kama tunavyowaita mababu na mabibi huku kwetu, aliombwa asitwange. Alikaa mlangoni na bakuli la sombe mbichi, majani ya muhogo, mapajani, akinitazama nikiueleza ukuta habari za ufalme wa Waluba, kisha akauliza kwa upole, "Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na wanafunzi, mama."

"Wako wapi?"

Nikamtajia miji yao. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye majani yake.

Nilirekodi mara nne. Mara ya kwanza jogoo, mara ya pili muuza makaa akipiga hodi. Mara ya tatu mvua ya Novemba iliangukia bati, na chini ya bati letu mvua ikianza hata mtu na mumewe hawasikilizani. Mara ya nne nilifika mwisho: dakika 40, zaidi ya mega 600. Mega za usiku zilikuwa nafuu kuliko za mchana, basi Jumanne nikaunganisha kompyuta kwenye konvertisa, kifaa cha kugeuza umeme wa batri, nikaanza kupandisha video, na nikasinzia kitini. Saa tisa za usiku taa ndogo ya konvertisa ilikuwa imezimika. Sikujua, na nasikitika kwamba sikujua, kuwa batri ya risasi na asidi haipendi kukaushwa hadi tone la mwisho. Ikikaushwa hivyo, hata ukiichaji tena nguvu yake inabaki pungufu. Video ilikuwa imefika asilimia 71. Ndani ya firigo barafu ilikuwa maji, na kulipopambazuka harufu ilifika uani kabla yangu.

Wifi yangu hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alimtoa samaki mmoja mmoja, akambonyeza ubavu, akamweka kando. Aliowasalimisha walijaa sahani moja. Jioni jamaa tulikaa chini ya mwembe. Mume wangu alisema batri ni yake, hasara ya batri ataibeba. Wifi alisema samaki ni mtaji, na mtaji ule nusu ulikuwa wa kukopa. Nikasema nitalipa, kwa mafungu, kutoka mshahara wangu. Nililipa kwa miezi mitatu. Miezi hiyo tulikula bukari, yaani ugali, na sombe, hakuna aliyelalamika, na kwa hilo nawashukuru hadi leo.

Kambo alikuwa kimya muda wote wa kikao. Wenzake walipoinuka alibaki na mimi karibu na mbabula, jiko la makaa, akaanza kunihadithia foni.

Alipokuwa msichana alipika katika misheni moja upande wa Kabongo, na jiko lilipakana na chumba cha foni. Kabla ya simu za mkononi, foni ndiyo iliyoshona nchi hii: redio ya mawimbi mafupi, batri ya gari, waya uliotandazwa kati ya miti miwili. Misheni na misheni ziliitana kwa saa zilizopangwa, wafanyabiashara waliulizia bei ya mahindi, familia ziliambiana vifo na uzazi. Kambo aliyasikia yote akimenya mihogo. Akaniambia mtu wa foni hakusema maneno mengi, kwa sababu mawimbi huja na kwenda. Alisema jambo moja, akalirudia, kisha akasema "avu", Kifaransa cha kumwachia mwenzake zamu, akatoa kidole kwenye kitufe, akangoja. Asiyetoa kidole hamsikii mwenzake hata mwenzake akilia.

"Wewe," akaniambia, "kutwa nzima hukutoa kidole."

Nimehudhuria mafunzo mazuri ya kuandaa masomo, na nayaheshimu. Yalinifunza kuanzia mwisho: kwanza ujiulize mwanafunzi ataweza kufanya nini somo likiisha, halafu upange kazi itakayoonyesha kwamba anaweza, na maelezo yako yaje mwisho kabisa. Lakini maneno ya Kambo ndiyo yaliyoniwezesha kuyaelewa mafunzo hayo. Baadaye nilisoma habari za Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyetoa programu ya Moodle mwaka 2002, ile ambayo vyuo vingi duniani huendeshea masomo ya mtandaoni. Alikulia katika jangwa la Australia Magharibi na masomo yake ya utotoni aliyapata kwa redio ya mawimbi mafupi, katika shule za hewani ambazo nchi hiyo ilizianzisha Alice Springs mwaka 1951. Nilimsomea Kambo habari hiyo. Hakushangaa hata kidogo. Alitaka kujua tu kama watoto wa kule nao walisema avu.

Nikaanza upya. Niliwapigia simu wanafunzi wangu 26, mmoja mmoja, kabla sijaandika hata mstari. Una simu ya aina gani? Unaichajia wapi? Rezo unaipata saa ngapi? Ungejua majibu yale ungeona nilivyokuwa nimekosea. Tisa walikuwa wakitumia simu ya ndugu, wakiipata usiku tu. Wengine walichajia sokoni kwa pesa. Somo langu lilipaswa kupita katika tundu hilo, na kazi yangu ilikuwa kulikata mpaka lipite bila kuondoa nyama yake. Kukata huku ndiko kugumu kuliko yote niliyofanya katika ualimu. Nilizoea kujaza saa mbili. Sasa nilikaa siku nzima nikitafuta jambo moja la wiki, kisha swali moja ambalo haliwezi kujibiwa kwa kunakili.

Nilirekodi sauti tu, dakika tatu. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwenye WhatsApp haufiki hata mega moja. Ukishuka mara moja, unasikilizwa mara kumi bila gharama. Mwisho wa kila ujumbe nilisema avu, nikanyamaza siku mbili. Walionijibu wiki ya kwanza walikuwa 17, ya pili 22. Nao pia walimaliza na avu, bila kuambiwa.

Wiki ya lukasa ndiyo ninayoipenda zaidi. Lukasa ni ubao wa kumbukumbu wa Waluba, umebana kiunoni, umepachikwa shanga na kauri. Watu wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto na kuupapasa kwa kidole cha kulia, wakiimba habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Nyingi ziko katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. New York walifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya kumbukumbu ya Waluba mwaka 1996, wakati vijana wengi wa Haut-Lomami, mkoa wetu, hawajawahi kuigusa hata moja. Zamani nilionyesha picha ubaoni na kuendelea. Picha sasa zilikuwa nzito, nikalazimika kuieleza kwa mdomo, shanga kwa shanga. Halafu nikawapa kazi: tafuta kipande cha ubao au kifuniko cha sufuria, panga juu yake mbegu na vifungo, keti na mzee wa kwenu, kisha unisomee historia yenu kwa kidole, dakika tatu.

Mmoja, mtoto wa mtu wa reli, alipanga punje za mahindi kwa stesheni alizofanyia kazi baba yake, na palipokuwa na ajali aliweka kokoto. Binti wa Kaniama alitumia vifungo kwa kila mtoto aliyezaliwa na bibi yake. Vyeusi vilikuwa wale waliokufa, na katika sauti yake unasikia bibi mwenyewe kwa mbali akimsahihisha mpangilio. Katika miaka yangu ya oditwari sikuwahi kupokea kazi kama hizo. Kambo alipanga maharagwe ya chakula chetu juu ya ungo akatengeneza lukasa yake, na wifi yangu akachomeka mfupa mmoja wa samaki pembeni, akaniangalia, akauacha pale.

Yule wa kichuguu alituma ya kwake wa mwisho, usiku wa manane. Mvua ilikuwa ikipiga paa lao la nyasi. Alisoma mabwawa, mitumbwi, kijiji ambacho babu yake alikihama mara mbili kwa sababu ya mto, kisha akasema avu. Nilimjibu papo hapo, lakini ujumbe wangu ulibaki na alama moja ya kijivu: rezo ya kwao ilikuwa imekatika.

Asubuhi Kambo alinikuta nimeshika simu.

"Yule wa Malemba amejibu?"

"Bado, mama. Niurudie?"

"Ulishasema avu?"

"Nilisema."

"Basi toa kidole," akasema, akavuta kinu karibu na kuanza kutwanga.